Msaada: Kompyuta yangu ya zamani inakwama kwenye apdeti kila mwezi, na sitaki kupiga window

MamaKopi_Nkuhungu (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma. Kazi zetu mnazijua: kopi, kuprinti, kuchapa barua, kujazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi. Mashine ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mezani, i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Niliinunua used mwaka 2019 na imenilipia ada ya watoto wawili, kwa hiyo msinielewe vibaya nikisema naipenda.

Tatizo ni apdeti. Siku nyingine nikiunganisha hotspoti ya simu haianzi kabisa, inatoa namba 0x80072F8F. Siku nyingine inapakua vizuri, inaomba kuwashwa upya, inafika asilimia fulani, halafu inaandika kwamba imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Hapo nakaa saa nzima naangalia skrini huku wateja wamesimama mlangoni. Mwezi huu nimemaliza bando 3 za GB 10 na sijapata kitu. Nikiandika winver inaonyesha toleo 1909.

Fundi wa kwanza aliyeiona hakukaa hata dakika 5. Akasema hii tunapiga window, yaani kufuta yote na kuweka Windows upya, 20,000. Ndani yake kuna mitihani ya shule 4 za msingi niliyochapa tangu 2020, katiba za vikundi vya vikoba na barua za watu. Sina nakala popote. Naombeni mtu anayejua kwa nini inashindwa, siyo namna ya kuifuta.

Tito_AreaC (saa 2:52 usiku)

Dada pole. Windows 10 si ilishafungwa? Weka 11 tu umalizane nayo.

FundiMakole (saa 3:10 usiku)

Dada MamaKopi, umefanya la maana sana kuandika namba ya kosa na toleo. Watu wengi huja na "imegoma" peke yake.

Kwanza nimjibu Tito. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni kweli. Lakini Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hii 7010 ni ya mwaka 2012, haina vyote viwili. Zipo njia za kuilazimisha kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwekea Windows, nimewahi kufanya, ila Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea apdeti. Mtu ambaye shida yake ni apdeti huwezi kumpeleka huko.

Sasa swali moja dada, nijibu bila kuona aibu: umeme ukikatika hapo dukani ukarudi, saa na tarehe ya kompyuta vinakuwaje?

MamaKopi_Nkuhungu (saa 3:16 usiku)

Kaka umejuaje? Inarudi 2012. Tangu mwaka jana iko hivyo. Naseti kwa mkono asubuhi nikifungua, nikikumbuka. Nilijua ni tabia ya mashine za used.

FundiMakole (saa 3:41 usiku)

Sawa. Kosa la kwanza tumelipata, na ndiyo maana siku nyingine inapakua na siku nyingine inakataa. Siku ukikumbuka kuseti tarehe inapakua, siku ukisahau inakataa.

Ni hivi. Kompyuta ikienda kuchukua apdeti, inazungumza na seva za Microsoft kwa njia iliyofungwa kwa usalama. Seva inatoa cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine yako ikiwa inaamini tuko 2012, inakitazama kile cheti na kuona bado hakijazaliwa. Inakataa kuongea. Hiyo ndiyo 0x80072F8F. Hapo intaneti ni nzima, bando ni zima na Windows haijaharibika, ni saa tu.

Saa inatunzwa na betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, CR2032, volti 3. Ikifa, umeme ukiondoka ukutani hakuna kinachoshikilia muda. Badilisha. Maduka ya simu na ya saa pale Majengo utaipata kwa bei ndogo kabisa, ila chukua iliyo kwenye pakiti yake, siyo iliyomwagwa kwenye bakuli, maana zile zinagusana na kuisha chaji kabla hujazinunua.

LAKINI kabla hujachomoa betri ya zamani: washa mashine, bonyeza F2 mfululizo uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows, upige picha kwa simu KILA ukurasa. Hasa palipoandikwa SATA Operation, yaani namna ubao unavyoongea na diski (RAID au AHCI), na mpangilio wa kuwasha. Kwenye Dell nyingi za ofisi chaguo la kiwandani ni RAID On. Kama Windows yako iliwekwa mashine ikiwa kwenye AHCI, halafu mipangilio ikajirudisha kiwandani, itawaka na kukuletea skrini ya bluu, na mtu asiyejua atakwambia Windows imekufa. Nimeona mashine 2 zimefutwa kwa sababu hiyo, na zote zilikuwa nzima.

Ukimaliza, kwenye majira ya saa chagua Nairobi, UTC+03:00. Dodoma na Dar hazimo kwenye ile orodha. Mashine nyingi za used zinakuja na majira ya Ulaya na watu wanasogeza saa kwa mkono badala ya kubadilisha eneo.

Mpwapwa_Juu (saa 4:05 usiku)

Nathibitisha la SATA. Ya kwangu ilikataa kuwaka baada ya betri, nikalia. Nilirudisha AHCI ikawaka palepale.

Mwl_Bahi (Jumanne, saa 12:30 asubuhi)

Asubuhi njema wanajukwaa. Fundi, naomba niingize la kwangu kwa sababu linafanana. Shuleni tuna kompyuta 3 za msaada, bado Windows 7. Sasisho zote zinagoma kwa 0x80092004. Tarehe ni sahihi, nimeangalia.

FundiMakole (saa 1:15 asubuhi)

Mwalimu shikamoo. Hiyo ni tofauti kidogo. Mwaka 2019 Microsoft ilibadilisha namna ya kusaini mafaili yake, ikahamia saini ya aina mpya, SHA-2, pekee. Windows 7 ambayo haikupata matoleo mawili ya kuitayarisha haiwezi kuitambua ile saini, kwa hiyo inakataa kila kitu kilichokuja baadaye. Nenda kwenye Katalogi ya Microsoft Update, tafuta KB4490628 (KB ni namba ya apdeti) uiweke kwanza, kisha KB4474419, uwashe upya. Hakikisha umechagua ya biti zinazolingana na mashine, 32 au 64. Zinapakuliwa mara moja, unazibeba kwa flashi kwenye mashine zote 3.

Ila mwalimu, nikuambie ukweli kwa sababu ni watoto wa shule: msaada wa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020. Ukimaliza hayo utapata zilizotoka hadi wakati huo, basi. Kama kompyuta hizo zinaingia intaneti, fikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. GB 2 za RAM inatembea, GB 4 inatembea vizuri.

Mwl_Bahi (saa 1:22 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Nitajaribu Jumamosi, umeme ukiwepo.

MamaKopi_Nkuhungu (Jumanne, saa 1:50 usiku)

Nimerudi. Betri nimebadilisha, picha za BIOS nilipiga 14. Nilizima ukutani nusu saa kujaribu, nikawasha, tarehe imebaki ya leo! Ile 0x80072F8F imeondoka.

Ila sasa inapakua mpaka mwisho, inaanza kuweka, halafu 0x80070570. Nimejaribu mara 2. Nikaendesha sfc /scannow, ile amri ya kukagua mafaili ya Windows, kama nilivyoona mahali, ikakaa saa moja na nusu na haikumaliza. Na mashine imekuwa nzito, kufungua faili la mtihani naweza kuhudumia mteja wa kopi nikarudi.

FundiMakole (saa 2:04 usiku)

Dada SIMAMA HAPO. Usijaribu apdeti tena leo. Usiizime na kuiwasha ovyo.

0x80070570 maana yake faili limeharibika au halisomeki. Likitokea mara moja, inaweza kuwa ni faili lililopakuliwa vibaya. Likitokea mara 2 mfululizo, tena mashine ikawa nzito na sfc haimalizi, mimi nashuku diski yenyewe. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ndogo na ni ya bure, ifungue halafu upige picha skrini ututumie.

MamaKopi_Nkuhungu (saa 2:31 usiku)

Imeandika Caution, rangi ya njano. Mstari wa 05 na wa C5 una alama ya njano pia. Current Pending Sector ina namba, siyo sifuri.

FundiMakole (saa 2:58 usiku)

Nilihofia hivyo. Diski inakufa, dada. Mstari wa 05 unahesabu vipande ambavyo diski imeshavikata tamaa ikavihamishia kwenye akiba. C5 ni vile inavyojaribu kuvisoma na vinagoma, bado haijaamua. Apdeti ya Windows inaandika na kusoma maelfu ya mafaili kwa mkupuo, kwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuuonyesha ugonjwa. Wewe uliona apdeti inashindwa, kumbe ilikuwa inakupigia kengele.

Na sasa fikiria yule aliyetaka kupiga window. Angeformati diski hii hii, angekuwekea Windows mpya juu ya vipande vibovu, ungekaa nayo wiki 3 ikarudia, na mitihani ya watoto isingekuwepo tena. Sizungumzii mtu, nazungumzia mazoea yetu mafundi. Mashine inaletwa, hatusomi namba ya kosa, hatupimi diski, tunachomeka flashi. Kazi ya dakika 40, elfu 20 mfukoni. Inaniuma kwa sababu nimewahi kumrudishia mteja mashine safi isiyo na picha za mazishi ya mama yake, na hakuna kitu ningeweza kufanya baada ya hapo. Tangu siku hiyo diski napima kwanza, hata kama mtu ameleta kibodi tu.

Usiku huu fanya jambo moja tu: nakili mafaili yako. Anza na yasiyopatikana pengine, mitihani na katiba. Usiburute folda nzima kwa mpigo, faili moja bovu litakwamisha yote. Nakili folda ndogondogo kwenda diski ya nje au flashi. Likigoma faili, liruke, uandike jina lake kwenye karatasi.

Na usiendeshe chkdsk, amri ya kukagua diski, yenye /r kabla ya kunakili. Watu wanaishauri sana humu. Ile inaisukuma diski kusoma kila kipande, na diski iliyochoka inaweza kufia hapo hapo.

Binti_Kondoa (saa 3:20 usiku)

Dada usilale kabla hujanakili. Nasema hivi kwa mapenzi kabisa.

MamaKopi_Nkuhungu (Jumatano, saa 11:40 alfajiri)

Nimemaliza sasa hivi. Nilimuomba jirani diski ya nje. Mitihani yote ipo isipokuwa mafaili 6, nimeandika majina. Katiba zote zipo. Nimefungua faili moja moja nione kama yanasomeka, yanasomeka. Mungu awabariki.

Kibaigwa_Mazao (saa 2:15 asubuhi)

Hongera dada. Wakati tunasubiri fundi, na mimi nina laptopu ina Windows 10 toleo 22H2, apdeti zote zinaingia isipokuwa KB5034441. Kila siku 0x80070643. Nimepima diski, ni nzima. Hii nayo?

Dina_UDOM (saa 2:40 asubuhi)

Hiyo naijua, Kibaigwa. Ilitoka tarehe 9 Januari 2024 na ilisumbua dunia nzima, siyo wewe tu. Inarekebisha sehemu ndogo ya diski inayotumika kuokoa Windows ikishindwa kuwaka. Mashine nyingi zilitoka kiwandani sehemu hiyo ikiwa ndogo, na apdeti inahitaji MB 250 zilizo wazi pale. Hazipo, inagoma, halafu inatoa namba isiyosema chochote kuhusu nafasi.

Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika reagentc /info. Ikionyesha hali ni Disabled na hakuna mahali pa sehemu hiyo, achana nayo, huna unachokirekebisha. Ikiwa Enabled, Microsoft imeandika hatua za kupunguza C: kwa MB 250 na kuiongeza sehemu ile. Zinapitia diskpart, programu ya kugawa diski. Ukikosea namba ya patisheni kwenye diskpart umefuta kitu kingine, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza, na soma kila mstari mara 2 kabla ya kubonyeza Enter. Kama laptopu haijafungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha yaliyomo kwenye diski, mimi nisingekimbizana nayo.

Kibaigwa_Mazao (saa 2:48 asubuhi)

Haina BitLocker. Nimeelewa, naiacha. Miaka 2 nilidhani nina virusi.

FundiMakole (saa 4:30 asubuhi)

Dina umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza.

MamaKopi, sasa tunapumua. Una njia mbili. Ya kwanza ni SSD mpya, diski ya kisasa yenye kasi, na Windows safi, kisha unarudisha mafaili. Ya pili ni kuhamisha diski nzima kama ilivyo kwenda SSD, halafu tunatibu Windows ndani yake. Kwa mtu mwingine ningesema ya kwanza bila kufikiri, ni safi na ni haraka. Wewe una printa, skana na programu za kazi ambazo sijui kama CD zake bado unazo.

MamaKopi_Nkuhungu (saa 4:44 asubuhi)

Sina. Printa kubwa niliwekewa na aliyeniuzia na alishahama mji. Naomba ya pili.

FundiMakole (saa 5:20 asubuhi)

Basi sikiliza kwenye kununua, hapa ndipo watu wanapoteza hela. Usinunue SSD ya GB 480. Utaambiwa ni ile ile ya 500, siyo kweli. Clonezilla, programu ya kuhamisha, kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hata kama ndani umetumia GB 90 tu. 480 ni ndogo kuliko 500, itakataa. Chukua 512.

Kwenye 7010, kama huna waya wa ziada, chomoa ule wa DVD uutumie kwa SSD. Washa kwa F12 uchague flashi ya Clonezilla. Ingia njia ya wataalamu, uweke alama kwenye -rescue, ili ikikutana na kipande kisichosomeka ikiruke badala ya kusimama. Itachukua saa kadhaa. Soma vizuri ipi ni diski ya KUTOKA na ipi ya KWENDA. Angalia modeli, siyo herufi. Ikimaliza, zima, chomoa kabisa diski ya zamani kabla ya kuwasha. Diski mbili zenye utambulisho mmoja zikikaa pamoja, Windows inaifungia moja nje.

Kama unaogopa, niko Makole, leta. Lakini nadhani unaweza, uliyepiga picha 14 za BIOS huwezi kushindwa hii.

Tito_AreaC (saa 5:31 asubuhi)

Na wakati umeifungua, puliza vumbi dada. Upepo wa hapa kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba unajaza feni mpaka inakuwa kama blanketi. Ya mdogo wangu kule Manyoni ilikuwa inajizima katikati ya apdeti kila mara, kumbe ni joto. Ilisafishwa na kupakwa gundi mpya ya prosesa, apdeti ikaingia siku hiyo hiyo. Shika panga la feni kwa kidole wakati unapuliza, lisizunguke ovyo.

MamaKopi_Nkuhungu (Ijumaa, saa 3:05 usiku)

Samahanini kwa kimya, mvua ilituletea giza siku nzima ya jana.

SSD ya 512 iko ndani. Clonezilla ilichukua saa 5, iliruka vipande kadhaa. Nikachomoa ya zamani, nikawasha, IMEWAKA. Na inafungua kabla sijakaa kwenye kiti. Vumbi lililotoka ndani lilijaa kiganja.

Nikaendesha chkdsk C: /f, ikarekebisha. Kisha sfc /scannow, safari hii ilimaliza, ikasema imeona mafaili mabovu na mengine imeshindwa kuyarekebisha. Amri ya kutibu Windows, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikatoa 0x800f081f.

FundiMakole (saa 3:30 usiku)

Hiyo nilitegemea. Vile vipande vilivyorukwa vilikuwa na mafaili ya Windows, na DISM inasema haikupata pa kuchukua mazima. Hatupambani nayo. Uko 1909, na hilo toleo limeachwa tangu Mei 2021, kwa hiyo lazima uende 22H2 hata hivyo. Ukipandisha kwa ISO nzima, yaani faili moja lenye Windows yote, mafaili ya Windows yanabadilishwa yote na programu zako zinabaki. Apdeti na tiba vinakuja kwa mkupuo mmoja.

Kupakua: ukifungua ukurasa wa Microsoft kwa kompyuta ya Windows wanakupa programu yao ya kupakulia. Ukiufungua kwa simu wanakupa ISO yenyewe. Tumia simu, kwa bando la usiku, inazidi GB 5. Kiungo kinakufa baada ya saa 24, usikianzishe leo ukakimaliza keshokutwa.

Dina_UDOM (saa 3:36 usiku)

Dada mimi niko Ng'ong'ona na ninayo ISO, nilipakua mwezi uliopita. Kesho nashuka mjini, nitakuletea. Usinunue bando. Ukishaipata, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, itakupa namba ndefu ya kutambulisha faili, uilinganishe na ile iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft. Usiniamini mimi, amini namba.

Na flashi yako iwe imeformatiwa kwa exFAT au NTFS. Ikiwa FAT32 itakwambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalofika GB 4.

MamaKopi_Nkuhungu (saa 3:40 usiku)

Mdogo wangu, nitakuandalia chai.

MamaKopi_Nkuhungu (Jumamosi, saa 11:20 jioni)

Namba zimelingana herufi kwa herufi. Nikaifungua ISO, nikabofya setup, nikachagua kubaki na mafaili na programu. Imefika asilimia 74, imerudi nyuma, 0xC1900101. Umeme haukukatika. Mashine imerudi kwenye 1909 na inafanya kazi, lakini nimekata tamaa kidogo.

FundiMakole (saa 11:34 jioni)

Usikate tamaa, umebakiza mlango mmoja. 0xC1900101 karibu siku zote ni draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa. Kuna kifaa au programu inayojishikiza chini kabisa ya Windows na toleo jipya linagongana nayo. Niambie: ni vitu gani vimechomekwa kwenye USB, na antivirusi gani imo?

MamaKopi_Nkuhungu (saa 11:41 jioni)

Printa 2, skana, kisomea kadi za kamera, modemu ya zamani ambayo siitumii. Antivirusi ilikuja na mashine, muda wake uliisha 2020, inaniletea tangazo kila siku.

FundiMakole (saa 11:50 jioni)

Ondoa antivirusi hiyo kabisa kwenye orodha ya programu. Windows ina ya kwake, itajiwasha. Ondoa na programu ya modemu. Chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, mausi na skrini. Zima na intaneti, na ikikuuliza kama ipakue apdeti wakati wa kuweka, kataa. Washa upya, rudia setup.

MamaKopi_Nkuhungu (saa 2:55 usiku)

22H2.

Imechukua dakika 50. Nimefungua mtihani wa darasa la 6, umefunguka. Nimechomeka printa kubwa, imetoa karatasi. Nimekaa peke yangu dukani nimefunga mlango na machozi yananitoka.

Binti_Kondoa (saa 2:57 usiku)

Hata mimi huku nimefurahi kama ni yangu.

FundiMakole (saa 3:15 usiku)

Hongera sana dada. Hatua iliyobaki ni fupi. Sasa uko 22H2, kwa hiyo unaweza kujiandikisha kwenye apdeti za usalama za nyongeza. Ingia kwenye mipangilio ya Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Unahitaji akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu, vinginevyo ni dola 30 za Marekani. Kama hakionekani leo, weka apdeti zote za kawaida kwanza, kitatokea. Zitakufikisha tarehe 13 Oktoba 2026. Anza kuweka akiba kidogokidogo kwa ajili ya mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu, au uje tukuonyeshe Mint uone kama printa zako zinaikubali.

Na mwenye hotspoti: Windows ikiwa imewekewa kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, haipakui apdeti nyingi hadi uiruhusu. Iache hivyo mchana, iruhusu usiku.

Mwl_Bahi (Jumapili, saa 8:10 mchana)

Nami nitoe taarifa. KB4490628 ikaingia, KB4474419 ikaingia, nikawasha upya, sasisho zilizokuwa zinagoma zimeanza kuingia kwenye kompyuta 2. Ya 3 nimeipima diski kama mlivyofundisha, ni njano. Nimeizima na kuibandika karatasi isiguswe mpaka ninakili matokeo ya kidato cha 2.

FundiMakole (saa 8:25 mchana)

Mwalimu, Jumatano nina safari ya Singida, nitapita Bahi. Nitakuja na diski ya nje.

MamaKopi_Nkuhungu (Jumatano iliyofuata, saa 1:30 usiku)

Kwa watakaosoma uzi huu baadaye. Jana umeme ulikatika tangu mchana hadi saa 4 usiku. Leo asubuhi nimewasha, tarehe sahihi, saa sahihi. Nimejiandikisha, apdeti ya mwezi huu imeingia mara ya kwanza bila kurudi nyuma. Yale mafaili 6 yaliyogoma, 4 nimeyapata kwa walimu wenyewe waliokuwa na nakala kwenye simu, 2 nitayachapa upya wikendi hii kutoka kwenye karatasi.

Nimenunua diski ya nje ya kwangu. Kila Ijumaa nikifunga duka nanakili. Ile ya zamani nimeifunga kwenye bahasha, nimeandika juu yake "mbovu, usiformati", nimeiweka kabatini.